Sakafu ya gari la saketi: anza na kisigino, mizani baadaye

Swali: "Nina gari la michezo la viti viwili. Siku za kazi naliendesha kama gari la kawaida, na mara nne au tano kwa mwaka nalipeleka saketi, yaani uwanja wa mbio za magari. Nataka kung'oa zulia lote pamoja na ile lami iliyobandikwa chini yake, kwa sababu rafiki yangu ananiambia nitapunguza kilo 50. Halafu nifunge bati la alumini upande wa dereva, maana kisigino changu huteleza kwenye mkeka ninapofunga breki na kushusha gia. Pia nina mkanda wa usalama wa mbio wa ncha nne, unaofungwa sehemu nne, ambao nafikiria kuufunga sakafuni nyuma ya kiti. Je, kazi hii naweza kuifanya mwenyewe? Nianzie wapi, na kuna kitu cha kuogopa?"

Ndugu yangu, umegusa mambo mengi, lakini lililonishtua ni lile ulilolipitia haraka: kisigino chako huteleza unapofunga breki. Ningekuwa karibu nawe ningekuomba usirudi saketi mpaka hilo limeshughulikiwa, hata kama zulia, lami na mkanda vitasubiri mwaka mzima. Gari linalokwenda kilomita 180 kwa saa hula mita 50 kila sekunde. Kisigino kikiponyoka, ukapoteza nusu sekunde kukitafutia mahali na kukanyaga upya, umeshapoteza mita 25 za kufungia breki. Mwishoni mwa sehemu ndefu iliyonyooka, mita 25 ni umbali kati ya kuingia kona na kuingia ukuta wa matairi.

Kwa hiyo mkeka utoke leo. Hakuna haja ya fundi wala ya kifaa: fungua vishikizo, ukunje, uuache nyumbani. Mkeka umetengenezwa kuzuia matope ya viatu, na vile vishikizo viwili vya plastiki havikukusudiwa kupambana na mguu unaosukuma breki kwa nguvu zote mara kumi katika kila mzunguko. Mkeka ukisogea mbele sentimita chache unaweza kujikunja chini ya pedali ya breki, au kuikamata akselereta ikiwa imekanyagwa mpaka mwisho. Mwaka 2009 Toyota iliwaita wenye magari takriban milioni 3.8 huko Marekani kwa ajili ya mikeka inayoweza kunasa akselereta, baada ya ajali ya California iliyoua watu 4 ndani ya gari lililokuwa limewekewa mkeka usio wake. Na ile ilikuwa barabara ya kawaida, si saketi.

Mkeka ukishatoka, washa tochi, inama mlangoni na uangalie chini ya viti vyote viwili mpaka kwenye reli zake. Ukiwa na matairi mazuri na ukafunga breki kisawasawa, nguvu inayosukuma vitu mbele inakaribia kulingana na uzito wa vitu vyenyewe. Kwa chupa iliyo chini ya kiti, hiyo ni sawa na mtu kuinua nyuma ya gari mpaka sakafu ikainama nyuzi 45. Kila kisichofungwa kitateremka, na kinakoteremkia ni kwenye pedali. Nimewahi kutoa chupa ya maji iliyobonyea katikati chini ya breki. Dereva aliiweka kwenye mfuko wa mlango asubuhi, akaisahau. Yeye alipona kwa sababu chupa ilikuwa tupu.

Sasa tuje kwenye kilo 50. Sidhani kama rafiki yako anakudanganya kwa makusudi, ila amechanganya hesabu. Waliopunguza kilo 50 ndani ya gari walitoa pia viti vya kiwandani vyenye mota, paneli za milango, spika, na pengine kiyoyozi kizima. Zulia, sponji yake na lami peke yake, katika gari la viti viwili, kwa kawaida havifiki hata nusu ya hapo. Tuseme wewe utapata kilo 15. Ikiwa gari na dereva wake ni kilo 1,250, umepunguza asilimia 1.2. Punguzo hilohilo unalipata kwa kuingia saketi na petroli pungufu kwa lita 20, kwa kuwa lita moja ya petroli ina uzito wa karibu robo tatu ya kilo. (Ila tangi lisishuke sana: kwenye kona ndefu petroli hukimbilia upande mmoja, pampu ikanyonya hewa na injini ikakwama ukiwa katikati ya kona.)

Halafu lipo jambo ambalo mizani haikuambii. Uzito wa sakafuni ndio uliokaa chini kuliko karibu uzito mwingine wote wa gari. Ukitoa kilo kumi kwenye paa, gari linakuwa jepesi na kitovu chake cha uzito kinashuka, kwa hiyo unafaidi mara mbili. Ukitoa kilo kumi sakafuni, gari linakuwa jepesi lakini kitovu cha uzito kinapanda kidogo. Faida ya kwanza unaipata, ya pili inakukimbia. Kama una wikendi moja tu na fedha kiasi, ziende kwenye mafuta mapya ya breki yanayostahimili joto na pedi za kufaa. Hapo sina shaka hata kidogo.

Watu hupenda kunitajia Ferrari F40 ya mwaka 1987, iliyotoka kiwandani bila zulia. Ni kweli, lakini gari lile lilichorwa hivyo tangu karatasi ya kwanza. Lako lilichorwa likiwa na zulia, na zulia hilo lina kazi tatu ambazo huzioni mpaka siku utakapoling'oa.

Kazi ya kwanza ni ya lami. Bati la sakafu ni jembamba, mara nyingi halifiki hata milimita moja, na bati jembamba lenye eneo kubwa hulia kama ngoma kila injini inapofikia mtetemo wake. Lami iliyobandikwa juu yake haizuii sauti kwa unene. Inachofanya ni kunyumbuka pamoja na bati na kuugeuza mtetemo kuwa joto kidogo sana. Ukiiondoa, utasikia kila jiwe linalogonga chini na mvumo wa ekzosi saa zote. Kwa saketi ya dakika 20 ni burudani. Kwa safari ya kazini kila asubuhi ni uchovu, na dereva aliyechoka masikio huchoka na kichwa.

Kazi ya pili ni joto. Bomba la ekzosi hupita chini ya handaki la katikati, ule mwinuko wa sakafu kati ya viti, karibu na mguu wako, na katalisti, kile kifaa cha ekzosi kinachosafisha moshi, hufikia mamia ya nyuzi za joto baada ya mizunguko michache ya kasi. Sponji ya zulia ndiyo inayokutenganisha na joto hilo. Nimeona soli ya kiatu chembamba cha mbio ikianza kulainika kwenye sakafu tupu. Ukivua zulia, weka angalau karatasi ya kukinga joto kando ya handaki na kwenye ukuta wa mbele wa miguuni.

Kazi ya tatu ndiyo inayosahauliwa na karibu kila mtu, nayo inarudi kwenye kisigino chako. Zulia na sponji yake miguuni vina unene wa sentimita mbili, tatu, wakati mwingine zaidi. Mtengenezaji aliweka pedali kwa kuhesabu kwamba kisigino kitakaa juu ya unene huo. Ukiutoa, kisigino kinashuka lakini pedali inabaki palepale. Sasa badala ya kukanyaga breki kwa ile sehemu pana iliyo nyuma ya vidole, unaikanyaga kwa ncha za vidole, na ukitaka kugusa akselereta kwa ubavu wa mguu wakati wa kushusha gia, inabidi unyanyue kisigino hewani. Mtu anang'oa zulia ili kisigino kisiteleze, kumbe amejitengenezea kisigino kinachoning'inia. Baadhi ya watengenezaji wamelijua hili siku zote: Porsche 911 za zamani zina ubao chini ya zulia la miguuni, mguu ukae mahali pake.

Kwa gari linalokwenda kazini siku tano na saketi mara tano kwa mwaka, shauri langu ni hili. Acha zulia na lami. Toa mkeka, na upande wa dereva peke yake funga bati la kisigino juu ya zulia, au mahali pa zulia kwa kipande hicho tu, likiwa kwenye miguu mifupi inayolirudisha katika kimo kilekile ilichokuwa sponji. Siku za kazi likisumbua unalifungua kwa bolti nne.

Bati lenyewe liwe la alumini ya milimita 2 au 3, lenye vinundu au mistari ya kukwama. Nyuma lianzie kabla ya mahali kisigino kinapotua ukiwa umestarehe, na mbele lipinde kufuata mwinuko wa sakafu. Wengine hubandika ile tepu yenye chenga kama msasa. Chini ya mguu wa kushoto unaojizuilia inafaa sana. Chini ya kisigino cha kulia siipendi, kwa sababu kisigino hicho hakitakiwi kuganda: kinatakiwa kisimame imara huku kikizunguka kutoka breki kwenda akselereta. Tepu kali hukikamata katikati ya mzunguko huo. Vinundu vya alumini na soli nyembamba ya raba vinatosha. Kingo zote zikunjwe au zivishwe raba, maana bati lililokatwa likaachwa hivyo hukata kiatu, na siku ya ajali hukata mguu.

Kabla ya kukaza bolti hata moja, keti kwenye kiti ukiwa umevaa viatu vyako vya saketi, injini ikiwa imezimwa. Kanyaga klachi mpaka mwisho. Kanyaga akselereta mpaka mwisho. Kisha ingiza mkono na upime nafasi iliyobaki chini ya breki. Hapa ndipo wengi hukosea. Wanapima kwa breki nzima, ambayo husimama juu, wanaona nafasi inatosha. Lakini mafuta ya breki yakichemka, au upande mmoja wa mfumo ukivuja, pedali hushuka chini zaidi kuliko unavyoijua, na ni huo mwendo wa mwisho unaokuokoa. Bati likiizuia hapo, umejinyima breki uliyobakiwa nayo. Fuata njia yote ya pedali mpaka inapokomea kwenye ukuta wa gari, na hakikisha bati haliko popote kwenye njia hiyo. Kama pedali ya akselereta yako imefungwa sakafuni kwa bawaba, bati likatwe kuizunguka, lisipite chini yake.

Kuhusu kutoboa: tafuta kwanza matundu yaliyopo. Vishikizo vya mkeka, bolti za kile kikanyagio cha kupumzishia mguu wa kushoto na misumari ya kiwandani inayoshika zulia hutosha kwa magari mengi. Ikibidi kutoboa, gari lipande juu kwanza na uangalie chini kwa macho yako. Bomba za breki na za petroli hupita kwenye mfereji chini ya sakafu, na ukiwa juu huwezi kujua ziko wapi. Niliwahi kuletewa gari ambalo bolti ya bati la kisigino ilikuwa imegusa bomba la breki bila kulitoboa. Kwa miezi kadhaa mtetemo ulikuwa ukilisugua, na lilipokuja kwangu palikuwa pamebaki ukuta mwembamba wa kung'aa, ukucha ukipita juu yake unasikia shimo. Aliyefanya kazi ile alikuwa mwangalifu kwa kila jambo jingine. Alichokosa ni kuinama na kuangalia.

Na yapo magari ambayo jibu ni usitoboe kabisa. Gari la umeme kwa kawaida lina betri chini ya sakafu. Lotus Elise, iliyotoka mwaka 1996, ina chesesi ya vipande vya alumini vilivyogundishwa, na mbele ya miguu yako ni chesesi yenyewe, ile inayobeba gari zima. Tundu dogo hapo si dogo.

Ukiwa bado unataka kung'oa kila kitu, basi fanya kwa utaratibu. Tenganisha betri, ngoja kwa muda ambao kitabu cha gari kinaagiza, ndipo uguse kiti. Chini ya viti kuna soketi za mifuko ya hewa na za vikaza mikanda, mara nyingi za rangi ya manjano, na hizo hazichezewi zikiwa na umeme. Usiwashe swichi ya gari zikiwa zimechomolewa, utaondoka na taa ya hitilafu kwenye dashibodi. Zulia linyanyue taratibu ukianzia kwenye vizingiti vya milango, kwa sababu tita la waya hupita humo na mara nyingi limeshikwa na zulia lenyewe.

Likishanyanyuka, simama kidogo ulipapase kwa chini. Sponji hunywa maji na kuyatunza kwa miezi bila zulia la juu kuonyesha dalili yoyote. Ikiwa gari lako ni la paa la kitambaa, mashaka yangu ya kwanza ni mifereji ya paa iliyoziba. Papasa pia chini ya pedali ya klachi na ya breki. Ukikuta unyevu wa utelezi, usio maji wala oili ya injini, na rangi ya bati imeanza kuvimba, hayo ni mafuta ya breki yanayovuja kutoka kwenye pampu na kufuata fimbo ya pedali. Umepata kitu chenye thamani kuliko kilo zote 15: hitilafu ambayo ingekujia ukiwa kwenye kasi. Gari lisiende saketi mpaka pampu hiyo ibadilishwe.

Lami hutoka vizuri ikigandishwa. Barafu kavu, yenye nyuzi 78 chini ya sifuri, hufanya lami iwe kama kioo, na kwa kuwa lami na bati havisinyai kwa kiasi kimoja, huachana. Unagonga kwa nyundo ya raba, vipande vinaruka. Lakini barafu kavu haiyeyuki kuwa maji, bali hugeuka moja kwa moja kuwa gesi ya kaboni dioksidi, ambayo ni nzito kuliko hewa na hujaa chini, kwenye shimo la miguu, ulikoingiza kichwa chako. Milango yote iwe wazi, gari liwe nje, glavu nene mkononi, na mwenzako awepo. Usiifanye kazi hii peke yako ndani ya gereji iliyofungwa.

Bati likiwa tupu, safisha kutu, piga rangi ya msingi kisha rangi isiyong'aa ya kijivu hafifu. Rangi nyeusi hupendeza, lakini inaficha mvujo. Kwenye kijivu tone la mafuta linaonekana siku hiyohiyo. Kisha ziba kila tundu. Sakafu ina matundu mengi ya kiwandani yenye vizibo vya raba, na baadhi hutoka pamoja na lami bila kujua. Tundu lililo wazi karibu na ekzosi huingiza kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Dereva huanza kuumwa kichwa, hukosea kona moja, ya pili, akidhani ni joto. Usiku weka taa kali chini ya gari, ingia ndani gizani, na kila panapopenya mwanga pazibwe.

Mkanda wa ncha nne, hapana. Usiufunge sakafuni nyuma ya kiti. Kamba za mabegani zikitoka begani na kushuka mpaka sakafuni, wakati wa ajali hazikuzuii kwenda mbele tu, zinakuvuta kwenda chini, na anayebeba mvuto huo ni uti wa mgongo wako. Ndiyo sababu kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa linalosimamia mbio za magari, zinataka kamba hizo zielekee nyuma kwa pembe isiyozidi nyuzi 45 kutoka mlalo, na zinapendekeza isizidi nyuzi 10. Sakafu haiwezi kukupa pembe hiyo. Tena mkanda wa ncha nne hauna kamba ya kupita katikati ya mapaja, kwa hiyo kamba za juu zikikaza huinua ile ya kiunoni hadi tumboni, na mwili ukapita chini yake. Mkanda wa kiwandani wa ncha tatu, ukiwa umekaa kwenye kiti kilichobuniwa pamoja nao, ni salama kuliko mkanda wa mbio uliofungwa vibaya.

Siku ukiamua kuweka kiti cha mbio na mkanda wa ncha sita, hiyo si kazi ya kufanyia nyumbani. Kanuni za FIA kwa kiti ni sehemu nne za kufungia, bolti zisizopungua milimita 8, na chini ya sakafu bamba la chuma la milimita 3 lenye eneo la sentimita za mraba 40 kwa kila sehemu. Bamba hilo lipo kwa sababu bolti yenye washa (kile kipete cha chuma chini ya bolti) ndogo tu hupasua bati jembamba na kutoka nalo. Siku za saketi za kujifurahisha huenda hazikulazimishi kufuata kanuni hizo, lakini mwili wako unasukumwa kwa nguvu ileile. Mpelekee fundi anayejenga magari ya mbio, na umwombe akuonyeshe mabamba kabla hajayapaka rangi. Mwone huyo huyo ukikuta kutu iliyotoboa sakafu karibu na reli za viti, au taa ya mifuko ya hewa ikiwaka na haizimiki.

Bati la kisigino na usafi wa sakafu unaviweza mwenyewe kwa mchana mmoja. Ukirudi saketi, zunguka mara tatu kwa mwendo wa wastani, rudi, zima injini, na ukaze tena zile bolti nne kwa mkono. Mara ya kwanza hulegea kidogo zulia linapojibana chini ya bati.